Fidia, Majuto na Radhi: Historia ya Uingereza na Deni la Kale katika Zama Hizi

Utangulizi

Mwaka 2015 Serikali ya Uingereza ilimaliza kulipa deni ambalo chimbuko lake ni mwaka 1835. Katika mwaka huo wa 1835 serikali ilikopa pauni milioni 15 kutoka kwa matajiri wa London, wakiongozwa na Nathan Rothschild na Moses Montefiore, ili kutekeleza Sheria ya Kukomesha Utumwa iliyopitishwa na Bunge mwaka 1833. Mkopo huo uliunganishwa na madeni mengine ya taifa, ukapitishwa kizazi hadi kizazi, na Wizara ya Fedha ya Uingereza ilipolitangaza jambo hilo mwezi Februari 2018, wananchi wengi walishangaa kusikia kwamba kodi zao zilikuwa zimelipia jambo la zama za babu wa babu zao. Mshangao ulizidi pale ilipokumbushwa kwamba fedha zile hazikulipwa kwa watumwa. Zililipwa kwa mabwana.

Tukio hili dogo la kihasibu linatoa mlango mzuri wa kuichunguza historia ya Uingereza na mikono yake iliyofika hadi Afrika Mashariki. Kwa muda wa karne mbili swali moja limekuwa likirudi mbele ya Bunge, mahakama na makasri ya nchi hiyo: dhuluma inapokomeshwa, nani alipwe? Majibu yaliyotolewa mwaka 1833 kuhusu visiwa vya Karibi, mwaka 1897 kuhusu Unguja na Pemba, mwaka 1962 kuhusu mashamba ya walowezi wa Kenya, na mwaka 2013 kuhusu wazee wa Mau Mau, yana uhusiano wa karibu kuliko inavyodhaniwa. Aidha, mjadala wa leo juu ya fidia kwa utumwa na ukoloni hauwezi kueleweka sawasawa bila kuyapanga majibu hayo katika mstari mmoja.

Mhadhara huu unaufuata mstari huo kwa kutumia maneno matatu ya Kiswahili kama taa: fidia, majuto na radhi. Maneno haya matatu hutumiwa kila siku katika magazeti na redio, na mara nyingi hubadilishana nafasi kana kwamba yana maana moja. Kumbe kila moja lina mizani yake, na historia inayojadiliwa hapa ni historia ya namna lilivyotolewa moja ili kuepuka kutoa jingine.

Neno fidia na safari yake

Neno fidia limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako asili yake inahusu mali au tendo linalotolewa ili kumkomboa mtu. Mateka wa vita hufidiwa. Katika sheria ya Kiislamu mtu asiyeweza kufunga Ramadhani kwa uzee au maradhi yasiyotarajiwa kupona hutoa fidia kwa kulisha maskini. Katika maana hii ya kwanza, fidia ni kikomboleo: kitu kinachotolewa ili mwenye kufungwa afunguliwe.

Katika Kiswahili cha leo, hasa Kiswahili cha sheria, maana imehama. Mfanyakazi aliyeumia kiwandani hudai fidia. Mwanakijiji aliyechukuliwa shamba lake kupisha barabara hulipwa fidia. Hapa fidia ni malipo anayopewa aliyepata hasara, na mlipaji ni yule aliyeisababisha au aliyenufaika nayo. Baina ya maana hizi mbili kuna tofauti kubwa. Katika ile ya kwanza fedha humwendea aliyemshika mtu. Katika hii ya pili humwendea aliyeshikwa.

Tofauti hiyo si mchezo wa maneno. Ndiyo tofauti yenyewe iliyogawanya sera ya Uingereza katika karne ya 19 na madai yanayotolewa katika karne ya 21. Watunga sheria wa mwaka 1833 walielewa fidia kama kikomboleo anacholipwa mmiliki. Wajukuu wa waliomilikiwa wanaielewa kama haki ya aliyedhulumiwa. Pande zote mbili zinapozungumza juu ya fidia, zinatamka neno moja lakini zinaashiria mikono miwili tofauti iliyonyooshwa.

London, 1833: mmiliki kama mwenye hasara

Biashara ya watumwa katika Dola ya Waingereza ilipigwa marufuku na Bunge mwezi Machi 1807, lakini utumwa wenyewe uliendelea. Sheria iliyoukomesha ilipata idhini ya Mfalme William IV tarehe 28 Agosti 1833 na kuanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834. Ilihusu watu wapatao 800,000, wengi wao wakiwa katika visiwa vya Karibi, na wengine Mauritius na Rasi ya Tumaini Jema. Maeneo yaliyotawaliwa na Kampuni ya India Mashariki, pamoja na Ceylon na St Helena, yaliachwa nje ya sheria hiyo.

Bunge lilitenga pauni milioni 20 kwa ajili ya mabwana. Kiasi hiki kilikuwa karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka mzima. Kwa upande wao, watumwa hawakupata hata senti. Zaidi ya hayo, wenye umri wa zaidi ya miaka sita waligeuzwa kuwa wanagenzi, wakalazimika kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale hadi saa 45 kwa juma bila ujira. Mpango huo ulipingwa vikali ndani na nje ya Uingereza, na ulivunjwa tarehe 1 Agosti 1838. Kwa hiyo mtumwa wa Jamaica au Barbados alichangia ukombozi wake mara mbili: kwanza kwa jasho la utumwa, kisha kwa jasho la uanagenzi.

Hoja ya Bunge ilikuwa ya kisheria. Mtumwa alikuwa mali iliyotambuliwa na sheria, na dola haiwezi kumnyang'anya raia mali yake bila kumlipa. Hoja hiyo ikishakubaliwa, mengine yote hufuata kwa mantiki baridi: mwenye hasara ni mmiliki, mwenye dai ni mmiliki, na mwenye jina katika daftari ni mmiliki. Tume ya fidia ilipokea na kushughulikia madai yapatayo 46,000. Ndani ya madaftari yake yalimo majina ya makabaila, wafanyabiashara, makasisi na wajane wa mijini waliokuwa na watumwa wawili watatu. Miongoni mwa waliopata fungu kubwa kabisa ni John Gladstone, baba wa William Gladstone aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Alilipwa zaidi ya pauni 100,000 kwa ajili ya watumwa zaidi ya 2,500.

Madaftari hayo yalikaa katika hifadhi ya nyaraka kwa zaidi ya karne moja na nusu yakisomwa na wataalamu wachache. Watafiti wa University College London ndio walioyageuza kuwa hazina ya umma kwa kuchapisha mwaka 2013 orodha ya waliolipwa. Matokeo yake yalionekana haraka. Familia, benki, makanisa na vyuo vikuu vilianza kuulizwa juu ya mali yao. Mwezi Agosti 2023 baadhi ya wazao wa John Gladstone walisafiri hadi Guyana, nchi ambayo mashamba ya babu yao yalikuwapo, wakaomba msamaha hadharani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Katika kisa hiki methali ilitimia kwa herufi zake: aliyekuja na majuto alikuwa kitukuu.

Unguja, 1897: sheria ile ile katika mavazi mengine

Uzoefu wa Karibi haukubaki Karibi. Ulisafiri na maofisa, wanamaji na wamisheni hadi Bahari ya Hindi. Baada ya mikataba ya mwaka 1822 na 1845 iliyopunguza eneo la biashara ya watumwa katika himaya ya Masultani wa Oman na Zanzibar, Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda Unguja mwanzoni mwa 1873 kumtaka Sultani Barghash aikomeshe kabisa biashara hiyo kwa njia ya bahari. Sultani alikataa. Miezi michache baadaye Balozi John Kirk alimwonya kwamba manowari zingekifunga kisiwa, na tarehe 5 Juni 1873 mkataba ulitiwa saini. Soko la Mkunazini lilifungwa, na juu ya ardhi yake likajengwa kanisa kuu la Kianglikana chini ya usimamizi wa Edward Steere, yule yule aliyechapisha mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili ambacho wanafunzi wa lugha hii wanakifahamu.

Hata hivyo, kufungwa kwa soko hakukuwa kufutwa kwa utumwa. Mwaka 1890 Zanzibar ilifanywa nchi lindwa ya Uingereza. Mwezi Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga kasri kwa mizinga, katika vita vilivyokwisha kabla saa moja haijatimia, na Sayyid Hamoud bin Mohammed akawekwa kitini. Ni sultani huyu aliyetoa amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba.

Amri hiyo ikisomwa sambamba na sheria ya 1833, ufanano wake hauwezi kukosa kuonekana. Bwana aliyeweza kuthibitisha kwamba alimmiliki mtumwa kihalali alistahili fidia. Mtumwa hakuachwa huru moja kwa moja. Alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake. Akishaupata, alitakiwa kuonyesha kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Masuria walitengwa na amri hiyo kwa madai kwamba hali yao ni kama ya wake wa nyumbani. Ilikuwa hadi mwaka 1909 ndipo nao walipoingizwa. Hofu kubwa ya maofisa wa Kiingereza ilikuwa karafuu. Walijua kwamba watumwa wakiyaacha mashamba kwa siku moja, mavuno yangeozea mitini na mapato ya serikali yangeanguka. Uhuru uliandaliwa kwa kipimo cha kijiko ili uchumi usitikisike.

Hapa pana jambo ambalo taaluma ya Kiswahili ina wajibu wa kulitazama. Sauti ya tabaka la wamiliki na wafanyabiashara imehifadhiwa vizuri katika maandishi ya Kiswahili. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ni mfano unaojulikana. Sauti za waliomilikiwa ni chache na zimetawanyika. Miongoni mwa zilizobaki ni masimulizi ya vijana waliookolewa majahazini na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja. Masimulizi hayo yalikusanywa na A. C. Madan na kuchapishwa kwa Kiingereza mwaka 1887. Madan huyo huyo ndiye aliyetunga kamusi zilizokuja kuwa msingi wa kamusi sanifu ya mwaka 1939. Kwa maneno mengine, sehemu ya ujuzi wa Kiswahili uliomo katika kamusi hizo ulipatikana katika mazingira ya shule ya watu ambao walikuwa wametolewa utumwani. Majina yao hayasomeki katika majalada ya kamusi.

Vilevile, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa huko Fumba, Siti binti Saad, aliifikisha taarabu ya Kiswahili katika santuri mwaka 1928. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake aliifanya kazi ambayo madaftari ya fidia yasingeweza kuifanya: alimpa mzao wa watumwa nafasi ya kutajwa kwa jina, kwa sifa na kwa heshima.

Ardhi: fidia iliyozaa maskwota

Katika mwambao wa Kenya, ambao ulikuwa chini ya bendera ya Sultani huku ukiongozwa na Waingereza, hadhi ya utumwa ilifutwa mwaka 1907, na hapo pia waliolipwa ni mabwana. Mwaka uliofuata, 1908, ilipitishwa sheria ya hati za ardhi iliyowataka wenye madai wajitokeze na kuthibitisha umiliki wao. Waliokuwa na hati, mashahidi na uwezo wa kuzungumza lugha ya mahakama waliandikishwa. Watumwa walioachwa huru, ambao walikuwa wakilima vipande vya ardhi kwa ruhusa ya mdomo, hawakuwa na cha kuandikisha. Wamijikenda wengi, ambao umiliki wao ulikuwa wa ukoo na wa mapokeo, walipata hasara hiyo hiyo. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Kifalme.

Tangu hapo neno skwota limekuwa sehemu ya msamiati wa pwani ya Kenya, na mtu anaweza kuzaliwa, kuzeeka na kuzikwa kama skwota katika kijiji cha babu zake. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, ililitaja suala la ardhi ya pwani miongoni mwa dhuluma za kihistoria zinazosubiri kurekebishwa. Siasa za uchaguzi katika eneo hilo zimejengwa mara kwa mara juu ya ahadi ya hati za ardhi. Wanaoahidiwa wanafahamu vema kwamba mzizi wa tatizo si ukosefu wa ardhi, bali ni swali la nani aliandikwa na nani hakuandikwa.

Uhuru wa Kenya ulipokaribia, swali la nani alipwe lilirudi tena. Mwaka 1962 ulianzishwa mpango wa ekari milioni moja wa kununua mashamba ya walowezi wa Kizungu na kuyagawa kwa wakulima Waafrika. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mikopo kutoka Uingereza na Benki ya Dunia. Mlowezi alilipwa, akaondoka au akabaki kwa hiari yake. Mkulima aliyepewa shamba aliingia ndani yake akiwa na deni la kulipa kidogo kidogo. Jamii zilizonyang'anywa ardhi mwanzoni mwa karne ziliinunua tena ardhi hiyo. Tofauti ya majira na mahali ni kubwa baina ya 1833, 1897 na 1962, lakini mizani ni ile ile: sheria inamtambua aliyeshika hati, na aliyeshika hati ndiye mwenye hasara.

Mali bila daftari

Wahenga walisema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ya wafanyabiashara wa mwambao inafaa sana kuieleza sehemu ya mwisho wa ukoloni wa Kiingereza, kwani dola iliyotawala kwa daftari ilifahamu thamani ya kulificha daftari.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya ili kupambana na vuguvugu la Mau Mau. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1960. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama, na maelfu kwa maelfu walizuiliwa kambini bila kufikishwa mbele ya hakimu. Mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana kuhusu matumizi ya nguvu kambini akishauri kwamba ikiwa dhambi ni lazima itendwe, basi itendwe kimyakimya. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, na ukimya ule ukavunjika ndani ya Bunge la London.

Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha Serikali ya Uingereza zisikabidhiwe kwa serikali mpya za nchi zinazopata uhuru. Nyingine zilichomwa moto, na maagizo yalitaka majivu yake yavurugwe. Nyingine ziliruhusiwa kuzamishwa katika maji ya kina. Na zilizobaki zilisafirishwa kwa siri hadi Uingereza. Kwa takriban nusu karne hazikuwamo katika orodha ya hifadhi yoyote iliyo wazi kwa umma.

Mwezi Juni 2009 wazee wa Kikenya, miongoni mwao Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu Nyingi na Jane Muthoni Mara, walifungua shauri katika Mahakama Kuu ya London wakidai fidia kwa mateso waliyotendewa kambini. Ucheleweshaji wao ulikuwa na sababu: nchini Kenya kwenyewe Mau Mau ilikuwa imebaki chama kilichopigwa marufuku hadi mwaka 2003. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwanza kwamba wajibu wowote wa utawala wa kikoloni ulihamia kwa Serikali ya Kenya siku ya uhuru, na pili kwamba muda wa kushtaki umepita. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett walitoa ushahidi wa kitaalamu, na mwaka 2011 serikali ilikiri kwamba mafaili takriban 8,800 ya makoloni 37 ya zamani yalikuwa yamehifadhiwa katika jengo lake la Hanslope Park.

Hapo ndipo historia ilipofanya kinaya chake. Jaji McCombe aliikataa hoja ya kwanza mwezi Julai 2011. Mwezi Oktoba 2012 aliamua kwamba, pamoja na kupita kwa miaka mingi, shauri lingeweza kusikilizwa kwa haki kwa sababu ushahidi wa maandishi ulikuwa mwingi. Nyaraka zilizofichwa ili zisiwaaibishe watawala ndizo zilizowafungulia wazee mlango wa mahakama.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alitangaza Bungeni malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za kesi zikiwamo. Hata kama fedha zote zingewafikia wazee wenyewe, kila mmoja asingepata pauni 4,000. Hata hivyo, umuhimu wa siku ile haukuwa katika hesabu. Katika mlolongo wote uliotajwa hapo juu, hapa ndipo fidia ilipomwendea aliyeumizwa. Neno lilikuwa limemaliza safari yake kutoka maana ya kwanza hadi maana ya pili.

Lakini mlango huo haukubaki wazi. Wakenya wengine zaidi ya 40,000 walifungua madai yao, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyatupilia mbali kwa kuwa muda ulikuwa umepita mno. Katika mwaka huo huo wa 2018, Uingereza ilitikiswa na kashfa ya Windrush. Watu waliohamia kutoka Karibi kwa halali baada ya 1948, wengi wao wazao wa wale ambao mwaka 1833 hawakulipwa kitu, walitakiwa kuthibitisha kwa nyaraka kwamba wana haki ya kuishi nchini. Baadhi walipoteza kazi na matibabu, na wapo waliofukuzwa nchini kimakosa. Ilibainika kwamba Wizara ya Mambo ya Ndani ilikuwa imeziharibu mwaka 2010 kadi za kuwasili ambazo zingewasaidia. Waziri husika alijiuzulu, na mpango wa fidia ukaanzishwa mwaka 2019. Kwa mara nyingine, mdai aliambiwa alete karatasi ambayo mdaiwa aliitupa.

Majuto si radhi

Katika tamko lake la mwaka 2013 Waziri Hague alikiri kwamba Wakenya waliteswa, akaeleza masikitiko ya dhati ya serikali yake, na papo hapo akasisitiza kwamba serikali inaendelea kukana kuwajibika kisheria. Huu ni ustadi wa lugha unaostahili kuzingatiwa. Malipo yalitolewa, majuto yalitamkwa, lakini hatia haikukubaliwa.

Miaka kumi baadaye, usiku wa tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles III alisema katika dhifa ya taifa jijini Nairobi kwamba maovu yaliyotendwa ni chanzo cha huzuni kubwa na majuto makubwa, na kwamba hayana udhuru. Hakuomba msamaha. Siku iliyofuata, tarehe 1 Novemba 2023, upande wa pili wa mpaka, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea mbele ya wazao wa mashujaa wa Maji Maji na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea babu zao.

Msemaji wa Kiswahili aliyesikiliza hotuba hizo mbili kwa siku mbili zilizofuatana alikuwa na maneno ya kuzitofautisha. Majuto ni hali ya moyo wa mkosaji. Huweza kuwa ya kweli kabisa na bado yakabaki kwake peke yake. Radhi ni kitu kingine. Asili yake ni ridhaa, yaani kuridhika kwa aliyekosewa. Mtu haombi radhi hewani. Humwomba fulani, na huyo fulani anaweza kukataa. Kwa hiyo kuomba radhi ni kumpa aliyekosewa mamlaka ya kuamua. Majuto hayampi mamlaka hayo. Ndiyo maana serikali zinazohofia madai ya kisheria huona ni salama kujuta kuliko kuomba radhi.

Ni haki kusema pia kwamba radhi peke yake haimalizi shauri. Waliohudhuria Songea walikuwa bado wanasubiri mabaki ya wahenga wao waliochukuliwa na kupelekwa Ujerumani, na ombi la msamaha lisilofuatwa na tendo huwa kama mvua ya manyunyu isiyofika mizizini. Upande wa Uingereza una hoja zake pia: kwamba walipa kodi wa leo hawakumtesa mtu, na kwamba haiwezekani kuhesabu madhara ya karne nyingi. Hoja hizi ni nzito, lakini zinakutana na jambo moja gumu. Walipa kodi wa Uingereza, wakiwamo wazao wa watumwa waliohamia London na Birmingham, walilipa hadi mwaka 2015 deni la kuwafidia mabwana. Haikusemwa wakati wowote katika miaka hiyo 180 kwamba deni hilo ni la kale mno. Inaonekana basi kwamba uzee wa deni hautegemei miaka yake, bali hutegemea ni nani anayedai.

Hitimisho

Mjadala huu haujafungwa. Nchi za Karibi kupitia CARICOM ziliunda tume ya fidia mwaka 2013 na kutoa mpango wenye vipengele kumi mwaka uliofuata. Mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Samoa mwezi Oktoba 2024 ulitaja katika tamko lake wito wa mazungumzo juu ya haki ya kurekebisha madhara ya utumwa, ingawa Serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kusema kwamba haitalipa fidia. Umoja wa Afrika uliufanya mwaka 2025 kuwa mwaka wa haki kwa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika kwa njia ya fidia. Viongozi wataendelea kuafikiana na kutofautiana.

Kazi ya wanazuoni wa Kiswahili katika shauri hili ni ya namna nyingine, nayo haihitaji kusubiri mkutano wowote. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba kila mara aliyelipwa alikuwa yule aliyeandikwa. Mabwana wa 1833 waliandikwa. Wenye hati wa 1908 waliandikwa. Wazee wa 2013 walishinda kwa sababu mateso yao yalikuwa yameandikwa na maadui wao. Vizazi vya watumwa wa Unguja, Pemba, Malindi na Mombasa bado vinabeba kumbukumbu zilizomo katika nyimbo, katika majina ya mitaa, katika masimulizi ya mabibi na katika ukimya wa familia ambazo hazipendi kuulizwa asili. Kukusanya kumbukumbu hizo kwa Kiswahili, kwa ridhaa na heshima ya wenyewe, ni kuwaandikia daftari wasiokuwa nalo. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kabla ya kulipwa deni lazima lijulikane, na kabla ya kujulikana lazima liwe na jina la anayedai. Wasimulizi wake wazee wanapungua kila mwaka, na mahakama ya mwaka 2018 imekwisha kuonyesha hukumu inayowangojea wanaochelewa.